Jicho na Kinga Inayorejea

Mwanafunzi wa Kibaha, au wa Minaki kule Kisarawe, hufundishwa kwamba retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, upokeao mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Utando huo hauna neva za maumivu. Kwa hiyo waweza kuharibika pasipo mwenyewe kuhisi.

Sitomegalovirusi ni virusi viishivyo kimya katika miili ya watu wengi. VVU vikizipunguza seli za CD4 hata zikawa chini ya 50 katika milimita moja ya ujazo ya damu, virusi hivyo huweza kuamka na kuishambulia retina. Mgonjwa huona vidoa vikielea, vimulimuli, au giza upande mmoja.

Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya VVU zatolewa bila malipo nchini Tanzania. Ajabu ni kwamba zikifanya kazi vema, jicho lililokwisha kuambukizwa laweza kuvimba ndani. Sababu ni hii: kinga iliyorejea huyatambua mabaki ya virusi na kuyapiga vita. Basi uvimbe huo si dalili ya dawa kushindwa. Mgonjwa akiziacha, kinga huanguka tena, na retina iliyokufa haioti upya. Aende hospitali mapema, Tumbi au ya wilaya Kisarawe, mboni ipanuliwe kwa matone ya dawa, retina ichunguzwe.

Zoezi: Kwa nini jicho lisilouma laweza kuwa hatarini zaidi kuliko liumalo?