Kabla ya Kununua Mtambo wa Kukenekea Zailini na Alkoholi

Muuzaji ataanza na lita za zailini na alkoholi zilizotumika maabara ambazo mtambo wake unakeneka kwa saa. Mwulize kwanza alkoholi inatoka na nguvu ya asilimia ngapi. Kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa, kabla ya kuingia kwenye nta, hupitia alkoholi inayozidi nguvu hatua kwa hatua hadi ile isiyo na maji kabisa, ndipo kiende kwenye zailini. Alkoholi hiyo, yaani ethanoli, na maji vikichemshwa pamoja hufika mahali havitengani tena, karibu asilimia 96 kwa uzito. Anayeahidi asilimia 100 kwa kukeneka tu akuonyeshe kichujio cha kunyonya maji yaliyosalia. Kama hana, muage. Alkoholi iliyorejelezwa ihudumie hatua za chini, na ya hatua ya mwisho inunuliwe mpya.

Zailini huchemka kati ya nyuzi 137 na 144, mbali na 78 za ethanoli, hivyo mtambo wenye mnara wa kutenganisha mvuke huziachanisha vizuri. Wa bei nafuu usio na mnara utakupa zailini yenye alkoholi ndani. Kuibaini ni rahisi: tikisa mililita 50 za zailini na 50 za maji kwenye silinda ya vipimo, uache zitulie. Maji ya chini yakipita 50, nyongeza ni alkoholi.

Kinachowachosha mafundi zaidi ni nta iliyoyeyuka ndani ya zailini iliyotumika. Hubaki chini ya chungu cha mtambo, na ikipoa huganda na kuziba vali. Uliza mabaki hutolewaje, yakiwa ya moto au kwa mfuko unaotupwa, na nani atayapokea, maana ni taka hatarishi zisizomwagwa kwenye sinki. Fomalini, dawa ya kuhifadhi kinyama, isichanganywe na taka hizi; ikae kwenye dumu lake tangu mwanzo.

Zailini huweza kushika moto kuanzia takriban nyuzi 30, joto la kawaida la mchana Dar es Salaam au Mombasa, na ethanoli huwahi zaidi. Kwa hiyo swichi zisitoe cheche, chumba kiwe na feni ya kutolea mvuke nje, na mtambo ujizime wenyewe upozaji wa mvuke ukikoma. Ambako bomba hukauka bila taarifa, mtambo unaopozwa kwa maji ya bomba haufai. Tafuta unaozungusha maji yake wenyewe.

Usisaini mkataba kabla muuzaji hajakeneka dumu la taka zako mwenyewe, mbele ya fundi wako, silinda ikiwa mezani.