MAJI YALIYOTUMIKA YASILALE NYUMBANI



Kiangazi cha kwetu Bukoba na Muleba kila mmoja anakijua. Chemchemi ya bondeni inatoa maji kidogo, foleni ya madumu inaanza kabla ya jogoo kuwika, na mama anapanda mlima na lita 20 kichwani, pengine na mtoto mgongoni. Maji hayo yakifika nyumbani huoshea vyombo mara moja, kisha humwagwa uani, wakati hapo hapo nyuma ya jiko migomba imelegeza majani kwa kiu. Leo tungependa kuzungumza juu ya maji hayo yanayomwagwa, yaani ya kuoshea vyombo, ya kufulia, ya kuogea na ya kunawia.

Tuanze kwa kuungama kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kliniki za mama na mtoto vijijini, tulikuwa tukiwahimiza akina mama wasimwage maji yaliyotumika, bali wayakusanye kwa ajili ya migomba na bustani. Walitusikia. Lakini hatukuwaambia yakae muda gani. Kiangazi kimoja tulimpokea wodini mtoto wa miaka miwili aliyekuwa ameharisha siku tatu. Macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi. Tulimwuliza mama juu ya maji ya kunywa, akasema huyachemsha, na alisema kweli. Ni bibi aliyekuja kumwuguza ndiye aliyetueleza habari ya pipa. Nyuma ya jiko palikuwa na pipa la maji ya vyombo na ya kufulia, yaliyokusanywa juma zima bila kifuniko, na mtoto alizoea kuchota humo kwa kikombe chake. Hatuwezi kuapa kwamba ni pipa hilo tu lililomwuguza, ila hatukupata sababu nyingine. Mtoto alipona. Mama yake alituambia bila hasira, “Sista, si ninyi mlioniambia nisiyamwage?” Hatukuwa na la kumjibu.

Kwa nini maji hayo hugeuka kuwa hatari? Maji ya vyombo yana mafuta na mabaki ya chakula. Maji ya kufulia yana jasho na uchafu wa mwili, na kama kuna watoto wadogo nyumbani, kinyesi kidogo hakikosi. Vijidudu vinavyokaa humo vimeandaliwa karamu. Ndani ya siku moja huongezeka sana, hewa iliyomo ndani ya maji huisha, na ndipo harufu mbaya huanza. Udongo, kinyume chake, una viumbe wadogo wasiohesabika ambao kazi yao ni kula mabaki kama hayo na kuyageuza chakula cha mmea. Maji yale yale yaliyo hatari ndani ya pipa ni msaada chini ya matandazo ya mgomba. Kwa hiyo maji ya leo yaende kibanjani leo, kabla ya jua kutua.

Tena kuna mbu. Yule aenezaye matende na mabusha hupenda kutaga kwenye maji machafu kama ya pipa lile. Yule wa malaria hupendelea vidimbwi visivyo vichafu sana, vinavyopigwa na jua. Sisi wa Muleba hatujasahau mlipuko wa malaria wa mwaka 2006. Kutoka yai hadi mbu arukaye huchukua kama juma moja au zaidi kidogo, basi maji yasiyolala hayamlei mbu yeyote. Yakimwagwa mahali pamoja kila siku hadi kufanya dimbwi, hatujafanya kitu.

Namna ya kufanya ni hii. Hatua moja kutoka shina la mgomba, chimba shimo la kina cha futi moja, ulijaze nyasi kavu na majani makavu ya migomba. Udongo wetu wa karibu na ziwa umeoshwa na mvua nyingi na hauna rutuba nyingi. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana walileta nyasi za rweya na samadi kibanjani. Maji ya vyombo yachuje kwanza kwa kitambaa au chujio kuukuu, na mabaki yaende kwenye mboji, la sivyo utawaalika panya na nzi. Kisha mimina polepole chini ya nyasi. Ukimaliza kusali rozari na maji bado yanaonekana, shimo limeelemewa, kesho upeleke kwingine. Kazi ya kuchimba mashimo haya si ya mama peke yake. Akina baba, majembe mnayo.

Tusidanganyane juu ya kiasi. Familia inayochota madumu 6 ina lita 120, na kama nusu yake yatapatikana baada ya matumizi, hayo ni madumu 3. Hayawezi kuokoa kibanja kizima. Yatasaidia mashina machache ya karibu na jiko, na mpapai mmoja. Kwa nyumba inayokula kutoka migomba hiyo, si haba.

Zungusha mashina, usinyweshee moja tu kila siku, kwa maana sabuni ya unga ina chumvichumvi zinazojikusanya na kuharibu udongo. Maji ya kusuuzia ni bora kuliko ya povu la kwanza. Maji yenye dawa ya madoa yasifike kibanjani kabisa, kwani huwaua wale viumbe wa udongo tuliowasifu. Mboga na nyanya za kachumbari zisinyweshewe maji haya. Ndizi haina shida, inaning’inia juu, inamenywa na inapikwa. Mashimo yawe mbali na kisima au chemchemi, mita 30 au zaidi, na upande wa chini yake.

Sasa yako maji ambayo hayakusanywi kamwe. Maji ya nepi, ya nguo za mwenye kuhara au kutapika, na yenye damu, pamoja na ya mama aliyejifungua, yamwagwe chooni, na mikono ioshwe kwa sabuni. Maji ya kusafishia pampu ya dawa ya kahawa au ya mifugo ni sumu, yasikaribie nyumba, chemchemi wala ndoo ya nyumbani. Na panga lililokata mgomba wenye mnyauko, maji yake yasimwagwe penye mgomba mzima.

Wengine hutuona tunakuza mambo. Lakini mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitokea Wilaya ya Bukoba, ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo, na Januari 2025 ukatokea tena mkoani kwetu, huko Biharamulo. Ugonjwa huo hupita katika damu, matapishi, kinyesi na jasho la mgonjwa. Anayemfulia mgonjwa kwa upendo ndiye huambukizwa. Mgonjwa mwenye homa kali na kutoka damu asifuliwe nguo wala asiogeshwe nyumbani. Msimguse, itwe huduma ya afya mara moja.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alitaja kupunguza matumizi ya maji miongoni mwa matendo madogo ya kila siku ya kutunza uumbaji. Jumuiya ndogondogo zinaweza kulizungumza hili, hasa mwezi Juni unapoanza.

Yule mama alirudi kliniki miezi mitatu baadaye, mtoto ameongezeka uzito. Pipa alikuwa amelipindua, likawa kiota cha kuku. Maji yaliyotumika anayatia kwenye ndoo moja yenye kifuniko, iliyofungwa kitambaa chekundu kwenye mkono wake, na kila jioni kijana wake mkubwa huimwaga kibanjani na kuirudisha ikiwa tupu.