«Saa mbili» au «masaa mbili»? Somo kutoka barabara ya Butembo–Beni

Kwetu Butembo, msafiri haulizi kilomita. Anauliza: «Toka hapa mpaka Beni ni masaa ngapi?» Kwa barabara, miji hii miwili imetengana kwa kilomita 54 hivi. Kwa angani, kutoka uwanja wa Rughenda hapa Butembo hadi Mavivi, kaskazini ya mji wa Beni, ni kama kilomita 50. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 10. Tukiongeza kupaa na kutua, tuseme robo saa. Lakini barabarani kuna matope, vizuizi na hofu ya usalama. Wakati wa Ebola, kuanzia 2018 hadi 2020, tulishuka pia kunawa mikono na kupimwa joto. Ndiyo maana kwetu umbali hupimwa kwa muda.

Tatizo ni kwamba neno «saa» lina kazi mbili. Siku moja shangazi yangu alikuwa na tiketi ya ndege ya kutoka Mavivi kwenda Bunia kumwuguza dada yake. Ndege ilikuwa ya saa mbili na nusu asubuhi. Aliyemuuzia tiketi alimwambia kwa simu, kwa Kiswahili cha shuleni: «Butembo mpaka Mavivi, ni saa mbili.» Yeye alimaanisha muda wa safari. Shangazi alielewa kwamba awe Mavivi saa mbili. Akatoka nyumbani saa moja. Alipofika, ndege ilikwisha kuruka.

Tutazame sentensi tatu:

1. Ndege inaondoka saa mbili. (wakati)
2. Safari inachukua saa mbili. (muda)
3. Mavivi ni saa mbili. (utata)

Katika Kiswahili sanifu, «saa» iko katika ngeli ya N. Umoja na wingi havitofautiani. Kinachotenganisha maana ni kitenzi, au maneno kama «muda wa». Yakikosekana, kama katika sentensi ya tatu, msikilizaji anabaki kubahatisha.

Kiswahili chetu cha Kivu kina dawa yake: «saa mbili» ni wakati, «masaa mbili» ni muda. Sijawahi kumsikia mtu wa hapa akisema «ndege inaondoka masaa mbili». Mwaka wa kwanza nilikatwa alama kwa kuandika «masaa», nami nikakubali kwamba ni kosa tu. Leo naona kiambishi ma- kinafanya kazi ambayo sarufi sanifu inaiachia sentensi nzima.

Dawa hiyo ina mpaka wake: «saa moja» haina wingi, kwa hiyo utata unabaki. Tanzania, katika mazungumzo ya kawaida, wapo wasemao «lisaa limoja» kwa muda. Umbo hilo nalo husahihishwa shuleni, lakini linaziba pengo lile lile.

Sisemi tuandike «masaa» katika mitihani. Nasema tusilifute kabla ya kuuliza linafanya nini. Na ukimwelekeza msafiri kwa Kiswahili sanifu, usiache «muda wa».

Zoezi: nenda kituo cha magari, sikiliza wasafiri kwa nusu saa, uandike kila «saa» na kila «masaa». Kisha jaribu kuyabadilishana, uone ni sentensi ngapi zitampotosha msafiri.