Wakija Kutuuliza juu ya Vumbi, Tujibu Namna Gani?

Ndugu wafanyakazi, na nyinyi mama wa nyumbani munaosoma ukurasa huu wa usalama na afya, leo sitasema juu ya kofia ya kazi wala juu ya buti. Leo tujifunze jambo ambalo wengi wetu wanaliona kuwa ni kazi ya wakubwa tu: siku ambayo Serikali au kompani inaita watu wa kartie, inawapanga kwenye viti, na kuwauliza mawazo yao juu ya kazi mpya inayotaka kuanza. Wanaita konsiltasio. Mimi ninaihesabu pamoja na chanjo na maji safi, na mutaona sababu.

Asubuhi moja mama mmoja alifika dispansere na mtoto mgongoni. Ilikuwa mara yake ya nne katika kiangazi kile. Mtoto anakohoa, kifua kinapiga filimbi, macho mekundu. Nilimpa dawa kama mara zile tatu za kwanza, halafu nikamwuliza:

— Mama, mtoto analala wapi?

— Analala chumba cha mbele, munganga. Upande wa barabara ya kamyo.

— Na hamukusema kitu kwa wenye kamyo?

— Tuseme nini tena? Walikuja kutuuliza mbele ya kufungua ile barabara. Walitupa limonade na mkate, tukaandika majina. Sasa tukienda kulalamika wanatuonyesha karatasi. Wanasema: «Nyinyi wenyewe mulikubali.»

Nilimwuliza karatasi ile ilikuwa imeandikwa nini juu. Hakujua. Siku nyingine baba wa mtoto aliniletea kopi yake. Ilikuwa lisiti ya prezansi, yaani majina ya watu waliofika pale, basi. Hakuna neno hata moja la kukubali. Lakini watu wa kartie walikuwa wamekaa kimya mwaka mzima, sababu walifikiri kwamba sahihi zao ziliwafunga mdomo. Sitataja kompani ile. Nimeileta hapa kusudi muelewe somo la kwanza: kutia sahihi kwamba ulifika siyo kutia sahihi kwamba umekubali. Mbele ya kushika kalamu, soma kichwa cha karatasi. Kama hujui Kifaransa, mwite mtoto wa masomo akusomee, wala usione haya. Na kama kichwa hakuna, omba kiandikwe.

Kuna jambo jingine katika habari ile, na mimi mwenyewe nilichelewa kulitambua. Mkutano ulifanyika mwezi wa pili. Munajua mwezi wa pili hapa kwetu Kambove: mvua kila siku, njia ni matope, majani yamepanda mpaka dirishani. Mzungumzaji aliuliza: «Je, munaona tatizo la vumbi?» Watu wakajibu hapana, na walisema kweli. Vumbi gani katika mvua? Lakini kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hainyeshi, na barabara ileile inageuka kuwa unga. Kwa hiyo mtu akikuuliza juu ya vumbi wakati wa mvua, mjibu kwa kiangazi. Akikuuliza juu ya maji ya mto wakati wa kiangazi, mjibu kwa masika, wakati maji yanaposhuka kutoka kwenye lundo la mawe ya mgodi.

Tuseme kidogo juu ya vumbi lenyewe. Lile linaloonekana likiruka nyuma ya kamyo linachafua nguo na chakula, lakini punje zake kubwa zinakamatwa puani na kooni, tunazitoa kwa kamasi na makohozi. Zile zenye kupita ni ndogo kuliko mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Na zile ndogo kuliko hizo zinashuka mpaka chini kabisa ya pafu. Kama zimetoka kwenye mawe yenye silika, na mtu anazivuta miaka mingi, pafu linafanya makovu. Hiyo ndiyo silikozi ambayo wachimbaji wa zamani waliijua vizuri. Hakuna dawa ya kuondoa makovu yale, na kifua kikuu kinamkamata upesi mtu aliye nayo. Mtoto wa kando ya barabara hapati silikozi kwa mwaka mmoja. Yeye anapata kikohozi, pumu, na usiku bila usingizi. Ila vumbi la kwetu limebeba pia metali. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi yao: walipima mkojo wa watu 351 katika Katanga. Wale waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi kupita wengine, na hasa watoto. Walioandika walisema kobalti ya namna ile haijapata kuonekana mbele yake katika watu wa kawaida, wasiofanya kazi ya kobalti.

Sasa munaona kwa nini munganga anajichanganya na mambo ya mikutano. Mimi nina siro na vidonge. Lakini barabara haipiti katika chupa ya siro.

Na sheria inasema nini? Wazee wetu waliofanya kazi ya Union Minière, na baadaye ya Gécamines, hawakuulizwa sana. Nyumba, posho, masomo, hospitali, vyote vilitoka juu, na mtu aliyapokea mema na mabaya pamoja. Halafu mambo yakaanguka. Wengi wanakumbuka mwaka 2003, wakati wafanyakazi 10,655 walipoondoka Gécamines katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Katika nyumba ngapi hapa bado wanabishana juu ya karatasi iliyotiwa sahihi siku ile!

Sheria za leo ni nyingine. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inasema kwamba kazi yoyote inayoweza kuharibu mazingira ni lazima watu waulizwe kwanza. Inataja na sababu: kuwapa watu habari, kupokea habari kutoka kwao, na kupokea maoni yao, hata mapendekezo yenye kupinga yale ya kompani. Angalieni neno hilo. Sheria yenyewe imengoja kwamba mtu atasimama na kusema: «Hapana, pitisheni barabara upande ule wa kilima.» Kufanya hivyo siyo matata, na siyo siasa.

Halafu kuna Kode ya migodi. Ile ya tarehe 11 Julai 2002 ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, na reglema yake tarehe 8 Juni 2018. Hata mabadiliko yale yalipita katika mazungumzo marefu ya Serikali, kompani na watu wa mashirika, yakaingia Bunge mwaka 2015, yakatolewa, yakarudishwa. Kwa sisi watu wa kartie, kitu kikubwa ni kaye de sharje, ndiyo kaye ya mapatano. Kompani yenye ruhusa ya kuchimba inapaswa kukaa na watu wanaoguswa na kazi yake na kuandika pamoja nao itafanya nini: kisima, masomo, dispansere, barabara, kumwaga maji njiani. Lisiloandikwa mule halidaiwi.

Tena kuna feza. Kompani inapaswa kuweka angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wa pale. Tufanye hesabu ya mfano tu: kompani ikiuza shaba ya dola 200,000,000, ile 0.3 kwa mia ni dola 600,000. Mbali na hiyo kuna redevansi, kodi ya madini yanayotoka. Kwa shaba ni 3.5 kwa mia. Zamani ilikuwa 2. Katika mfano wetu inakuwa kama dola 7,000,000. Nusu inakwenda Serikali ya juu, 25 kwa mia inakwenda provensi, 10 kwa mia inawekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo, na 15 kwa mia, yaani dola 1,050,000, inakwenda moja kwa moja kwa komuni, sekta au shefferi ambayo mgodi uko ndani yake. Sasa ukikaa katika mkutano na mtu anasema hakuna feza ya gari la kumwaga maji, unaweza kuuliza kwa heshima: «Mukubwa, feza za mwaka huu zilikuwa ngapi, na zimekwenda wapi?»

Lakini mkutano haushindwi kwa hasira. Nimehudhuria michache. Mtu wa kwanza anasimama, anasema «tunateseka», watu wanapiga mikono. Wa pili anasimama, anasema «tunateseka sana». Yule anayeandika PV anaandika: «Watu wametoa malalamiko mbalimbali.» Basi, imekwisha. Mkutano mwingine, mtafsiri alisikiliza Kifaransa dakika tano nzima, akageuka kwetu na kusema: «Anasema mutakuwa vizuri.» Watu walicheka, lakini walikuwa wamepoteza dakika tano za maneno yaliyowahusu. Ombeni tafsiri nzima, kipande kwa kipande. Kama inachukua siku mbili, ichukue siku mbili.

Yule mama wa kikohozi nilimwambia anunue kaye ya masomo, ile ya bei ndogo. Kila siku aandike tarehe, kamyo ngapi zimepita kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili, gari la maji limepita au halikupita, na mtoto amekohoa usiku au hapana. Mwanzoni alicheka. Alisema: «Munganga, mimi siyo klerki.» Nikamjibu kwamba klerki hasikii mtoto wake akikohoa saa nane ya usiku. Alianza. Majirani wawili wakafanya hivyo pia, mmoja juu ya barabara, mwingine chini karibu na daraja. Kuandika watatu ni bora kuliko mmoja, sababu kaye moja wanaweza kusema umetunga.

Fishi za dispansere pia ni ushuhuda, lakini hapa muwe na akili. Fishi ni ya mgonjwa mwenyewe, au ya mzazi wa mtoto. Wewe una haki ya kuonyesha fishi ya mtoto wako. Huna haki ya kusimama mbele ya watu na kutangaza ugonjwa wa jirani, na mimi munganga sina haki ya kukupa. Ninachoweza kutoa ni hesabu bila majina: watoto wangapi wa kartie fulani walikuja na kikohozi mwezi fulani. Hiyo muiombe kwa daktari mukubwa, kwa barua.

Najua swali ambalo wanaume wananiuliza kando, baada ya kazi. «Mimi nakula mkate wa kompani. Nikisimama mkutanoni kusema juu ya vumbi la kompani, kesho nitakuwa wapi?» Ni swali la kweli, na mimi pia nalipwa na kompani, kwa hiyo sitawadanganya kwamba woga ule ni wa bure. Nitasema hivi tu. Mambo ya ndani ya uzio, kama maski, mashini na kelele, yana mahali pake: komite ya usalama na usafi wa kazi, ambayo Kode ya kazi ya mwaka 2002 inaitaka; mpe delege wako, naye aseme kwa jina la wote. Mambo ya nje ya uzio ni ya mukaaji, na mukaaji ni bibi yako na mama yako pia. Msiwaweke viti vya nyuma. Katika mikutano niliyoona, wanaume walisema juu ya kazi za watoto wao, na wanawake ndio waliojua maji yamebadilika ladha tangu lini.

Na kama hakuna mkutano unaoitwa? Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani ruhusa ya kupeleka ombi kwa wakubwa wa Serikali, peke yake au pamoja na wengine, na wakubwa wanapaswa kujibu katika miezi mitatu. Andikeni barua fupi. Tarehe, mahali, hesabu, na jambo moja munaloomba. Mambo kumi katika barua moja yanajibiwa kwa neno moja. Pelekeni mbili: moja ibaki kule, nyingine irudi kwenu na muhuri wa kupokelewa.

Yule mama na majirani zake walifanya hivyo, kaye tatu na barua moja. Waliitwa katika mkutano, safari hii mwezi wa nane, na vumbi likawa mbele ya macho ya kila mtu aliyeshuka garini. Walisoma hesabu zao. Iliandikwa katika PV kwamba gari la maji litapita mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa sita, na kamyo zitapunguza mwendo karibu na nyumba. Kopi ya PV iko kwa shefu wa kartie. Asubuhi gari linapita. Saa sita linapita siku nyingine, siku nyingine hapana, na siku ya Mungu halionekani kabisa. Mtoto amekuja dispansere mara moja tu kiangazi hiki. Mama bado anaandika; wiki iliyopita alikuja kuniuliza kama nina kalamu nyingine, ile ya kwanza imekwisha wino.