Kishikwambi cha kuchorea: protekta au kioo kitupu?

SWALI: Msomaji wa Kirumba, Mwanza, amenunua kishikwambi cha kuchorea chenye skrini. Je, abandike protekta?

JIBU: Inategemea anachorea wapi. Ncha ya plastiki ya kalamu haina ubavu wa kukikwaruza kioo. Adui ni mchanga, na Mwanza ni mji wa miamba ya graniti, kama ule wa Bismarck unaosimama ziwani. Ndani ya graniti mna kwatzi, yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs. Kioo cha kawaida hukaa karibu na 5.5. Punje moja ikinasa chini ya kiganja, mkono ukiteleza tu, alama imebaki.

Protekta isiyong'aa hupunguza mwako wa jua la ufukweni na huipa kalamu mkwaruzo mtamu wa karatasi. Gharama yake ipo: rangi hufifia kidogo, na ncha huliwa upesi.



Anayechorea mezani nyumbani akiache kioo kitupu, akifute kila mara kwa kitambaa laini. Anayekibeba kwenye daladala hadi ufukweni abandike isiyong'aa, na anunue ncha za akiba siku hiyohiyo.