Unasalimisha, Unakabidhi au Unang'atuka?

Kutoa kitu rasmi kuna vitenzi vyake. Ukikosea kimoja, jambazi anageuka mgeni wa heshima.

1. Tazama nani ameshika rungu. Polisi wakitoa muda wa msamaha kwa wenye bunduki zisizo na kibali, tangazo husema silaha "zisalimishwe". Anayesalimisha ameamriwa, na anayepokea ana uwezo wa kumfuata hadi uvunguni. Ndani ya neno hilo imejificha salama, maana mzizi wake wa Kiarabu ni ule ule: bunduki inatoka, roho inabaki. Mtuhumiwa akienda kituoni kwa miguu yake, amejisalimisha.

2. Chunga irabu. Askari walioshindwa wamesalimu amri. Wakisalimia, wamesema "hamjambo"; wakisilimu, wameingia Uislamu.

3. Kukabidhi ni kwa daftari na saini. Hapa hakuna aliyeshindwa. Mhazini wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana alipomaliza muda wake, aliweka mezani kisanduku cha chuma, muhuri, kitabu cha stakabadhi na funguo mbili, mmoja haufungui chochote. Katibu akahesabu, wakatia saini. Hapo ndipo unapoandika "mhazini amemkabidhi katibu funguo", bila kuchomeka "kwa" katikati. Cha kuchekesha, mzizi wa kukabidhi ni kushika. Ndiyo maana stakabadhi ni ndugu yake, na bahili naye huitwa kabidhi. Mhazini wetu kile kisanduku alikiachia kidole kimoja kimoja.

4. Kung'atuka hakulazimishwi. Mwalimu Nyerere alilichukua neno hili kwao, kwenye Kizanaki, na likaenea Tanzania nzima alipoachia urais Novemba 1985. Uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi 1990, kwa hiyo mtu aweza kung'atuka cheo kimoja akabaki na kingine. Waziri aliyezomewa mpaka akaandika barua, huyo amejiuzulu. Aliyeandikiwa barua na mkubwa wake ameuzuliwa. Wapo wanaosema wote "wameng'atuka", mimi siwafuati.

5. "Kubwaga manyanga" na "kuachia ngazi" pia ni kuacha cheo, lakini waachie wahariri wa vichwa vya habari. Usiviandike kwenye barua kwa mwajiri, hasa kama bado unamdai mshahara wa mwezi.