KATUNI NI MALI YA NANI?
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu, Mountain View

Humu shuleni wachoraji ni wengi. Madaftari ya hesabu yamejaa vibonzo (walimu mtusamehe), na wengine wetu huvitia kwenye intaneti vikasomwa na watu wasiotujua. Lakini je, mchoraji asiye na mwajiri hula nini?

Tuwatazame waliotutangulia. Mnamo 1973 Terry Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha hapa Nairobi jarida la ucheshi liitwalo Joe. Joe alikuwa mwananchi wa kawaida wa mjini, mwenye shida kama zetu. Jarida lilikuwa lao wenyewe, lakini karatasi na uchapaji si mchezo. Lilikoma 1979.

Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanyia kazi Kenya, alichora Akokhan na Golgoti. Alifariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu papa hapa Nairobi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 hulinda mchoro kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mchoraji. Kwa hivyo michoro ya Odoi italindwa hadi mwisho wa 2062, wakati huo mimi nikiwa mzee!

Basi intaneti imetuondolea gharama ya kuchapa. Haijatuletea mshahara. Wasomaji husoma bure, wachache hutuma kitu kwa M-Pesa, na mchoraji huishia kuchorea watu mabango na fulana ili apate unga. Hapo ndipo pana mtego.

Kaka yangu alichorea duka moja kijana mwenye kofia kubwa, ambaye tayari alikuwa amemtungia visa vitatu. Alilipwa shilingi 1,500. Baadaye akamwona kijana wake kwenye mifuko ya duka. Kuuliza, akaambiwa, "Si tulikulipa?" Ati wamemnunua! Akakasirika sana, lakini sheria hiyohiyo inasema kazi ukiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Nao hawakuwa wamekubaliana lolote.

Mimi naona hata visa vile vitatu, alivyovichora kabla ya kuagizwa, vingali vyake. Mwenye duka haoni hivyo, na kaka hana pesa za wakili.

Kwa hivyo ukiitwa kuchora, hata na mjomba, andikeni karatasi kabla ya kupokea senti: mhusika ni wangu, wewe waweza kumtumia kwenye bango hili tu, kwa mwaka mmoja. Mtie sahihi wote wawili, kila mtu abaki na nakala yake.